KUMALIZIA SHALI: KAZI YA MIKONO KUTOKA NCHI YA OVIR

Hotuba kwa akina mama wa usharika na wageni wa Dayosisi, siku ya maonyesho ya kazi za mikono



Meza za maonyesho ya leo zimejaa vitambaa vya makochi, sweta za watoto, mashuka yaliyodariziwa na mikufu ya shanga. Vyote vilivyowekwa mezani vimekwisha. Lakini kila mama aliyepo hapa anakijua pia kile kikapu kilichobaki nyumbani, chini ya kitanda au nyuma ya kabati, chenye sweta isiyo na mkono mmoja na kitambaa kilichokosa ukingo wake. Kazi hizo zilianzwa kwa furaha, zikafumwa kwa bidii, zikasimama pale palipobaki kidogo. Maneno yatakayosemwa hapa yanahusu hicho kidogo kinachobaki.

Mfano uliochaguliwa unatoka mbali, lakini njia ya kuufikia inaanzia hapa hapa mlimani. Kila asomaye historia ya Injili katika Meru hukutana na majina mawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Misheni ya Leipzig waliouawa Akeri mwezi Oktoba 1896, muda mfupi baada ya kufika. Wengi huwataja kama Wajerumani, kwa kuwa misheni iliyowatuma ilikuwa ya Kijerumani. Ovir alikuwa Mwestonia, mwana wa nchi ndogo ya Kilutheri iliyo kando ya bahari ya Baltiki, ambayo siku hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mwestonia mwingine, Leonhard Blumer, alihudumu Arusha kuanzia 1907 kwa zaidi ya miaka 20. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, yeye aliruhusiwa kubaki, kwa sababu hakuwa raia wa Ujerumani. Kwa hiyo Estonia si nchi ngeni katika kumbukumbu za mlima huu, ingawa jina lake halitajwi mara nyingi.

Hao ni wanaume, na majina yao yameandikwa. Kuna wanawake wa nchi hiyo hiyo ambao walifanya kazi nyingine kwa vizazi vingi, nao karibu wote hawakuandikwa popote. Hao ni wafumaji wa shali za Haapsalu.

Haapsalu ni mji mdogo wa pwani katika magharibi ya Estonia. Mwaka 1825 daktari Carl Abraham Hunnius alianzisha hapo nyumba ya tiba ya matope ya bahari, ambayo watu wa mahali pale walikuwa wakiyatumia kwa maumivu ya viungo. Habari zilienea, na matajiri na wakuu kutoka St. Petersburg wakawa wanakuja kila majira ya joto kupumzika na kutibiwa. Hata mtunzi wa muziki Tchaikovsky alikaa hapo mwaka 1867, akatunga vipande vya piano vilivyobeba jina la mji huo. Wageni hao walikuwa na fedha, na jioni za pwani ya kaskazini zina baridi hata wakati wa joto. Akina mama wa mji waliliona hitaji hilo. Walifuma majira yote ya baridi, siku zilipokuwa fupi na usiku mrefu, na wageni walipofika walikaa kando ya njia ya matembezi huku sindano zikiendelea kwenda, na kazi zilizokwisha zikiwa zimetandazwa mbele yao. Kwa nyumba nyingi shali ilikuwa mkate, viatu vya watoto na kuni za mwaka uliofuata.

Yafaa kueleza kwanza shali hiyo ni kitu gani. Kroshia, ambayo akina mama wa hapa wanaijua vizuri, hutumia kijiti kimoja chenye kulabu. Shali ya Haapsalu hufumwa kwa sindano mbili kama sweta, kwa uzi wa sufu mwembamba sana. Uzi unaotumika siku hizi una urefu wa mita zipatazo 1,400 katika gramu 100, na shali nzima, yenye kumfunika mtu mzima mabega yote mawili, huwa na uzito wa karibu gramu 100 hizo hizo. Ni lesi, maana yake kitambaa chenye matundu yaliyokusudiwa. Mfumaji huzungusha uzi juu ya sindano ili kupata kitanzi kipya na tundu chini yake, kisha hufuma vitanzi viwili pamoja mahali pengine ili hesabu irudi ilipokuwa. Kwa kuongeza na kupunguza huko hutokea majani, maua na mawimbi. Kuna mtindo unaofuata umbo la ua dogo la majira ya kuchipua lililo kama kengele, na huo ndio unaopendwa kuliko yote. Mtindo mwingine ulipewa jina la Mwanamfalme baada ya Gustav Adolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Uswidi, kuutembelea mji huo mwaka 1932.

Juu ya maua hayo kuna vinundu. Kwa Kiestonia kinundu huitwa nupp, yaani kifungo. Mfumaji huchukua kitanzi kimoja na kutoa ndani yake vitanzi 5, 7 au hata 9 vilivyolegea, na katika safu inayofuata huvikusanya vyote kuwa kimoja tena, na hapo hubaki kipande kidogo kilichotuna kama punje ya mtama. Inasimuliwa kwamba vinundu vilipendwa kwa sababu shali ziliuzwa kwa uzito, na kinundu hula uzi mwingi. Wengine husema vilitumika ili mashine zisiweze kuziiga. Huenda yote mawili ni kweli. Mama anayeuza sokoni hana sababu moja tu.

Katika miaka ya karibuni mitindo ya Haapsalu imevuka mipaka ya Estonia. Vitabu vimechapishwa, kikiwemo kile cha Siiri Reimann na Aime Edasi cha mwaka 2009 kuhusu shali ya Haapsalu, na wafumaji wa Ulaya na Marekani wameifuata. Wengi wao, kwa kuona kinundu ni kigumu, wameweka shanga mahali pake. Hapo ndipo mambo ya mlima Meru na mambo ya bahari ya Baltiki yanapokutana kwa namna ambayo wengi hawaitazamii, kwa maana shanga ndogo za kioo zinazotumika mara nyingi katika shali hizo hutoka Jablonec, katika nchi ya Ucheki, na shanga za Ucheki ndizo zilizoshonwa kwa miaka mingi katika mapambo ya akina mama wa Kimaasai. Shanga ile ile inayolala juu ya ngozi na waya hapa, huko hulala juu ya sufu.

Shanga huingizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzitunga zote katika uzi kabla ya kuanza kufuma na kuzisukuma moja moja zinapohitajika. Njia hii inafaa kwa uzi imara, lakini uzi mwembamba wa sufu huchakaa kwa kupitiwa na mamia ya shanga, na huweza kukatika kazi ikiwa katikati. Ya pili ni kuchukua sindano ya kroshia nyembamba kuliko zote, kuivalisha shanga moja, kukikamata kitanzi kwa kulabu, kukivuta kipite ndani ya shanga na kukirudisha kwenye sindano. Ni kazi ya polepole, lakini ndiyo iliyo salama. Kabla ya yote kila shanga hupitiwa kwa kidole na jicho, kwa kuwa shanga yenye tundu lililopasuka au lenye makali ni kisu kilichofichwa. Itaukata uzi, ikiwa si leo, basi siku shali itakapovutwa. Akina mama washonao mikufu wanalijua jambo hili bila kufundishwa.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni uzito. Shanga za ukubwa unaotumika sana katika shali, zenye upana wa karibu milimita 3, hufika 40 hivi katika gramu moja. Mfumaji atakayeweka shanga 1,000 atakuwa ameongeza gramu 25, ambayo ni robo ya uzito wa shali yote, na uzito huo wote umebebwa na uzi mwembamba kama wa kushonea. Shanga zikiwekwa kila mahali, shali hushuka na kuning'inia kama wavu uliojaa dagaa, na matundu ya juu huvutika zaidi kuliko ya chini. Zikiwekwa katika ukingo peke yake, uzito huo husaidia, kwa kuwa huinyoosha shali ikae vizuri mabegani. Wako wasemao kwamba shali yenye shanga nyingi ndiyo yenye heshima. Hoja hiyo haina nguvu. Mwanamke wa Haapsalu aliyeuza kwa uzito alikuwa na sababu ya kuongeza. Mwanamke wa leo anayefuma ili avae binti yake siku ya harusi hana.

Sasa, wapendwa, shali imefumwa. Wiki nyingi zimepita. Mtu asiyejua akiiona wakati huu atafikiri mfumaji ameshindwa. Lesi inapotoka kwenye sindano haina sura. Imejikunja, imesinyaa, maua hayaonekani, vinundu vimezama, na shanga zimelala upande. Yafanana na kitambaa cha kuchujia nazi kilichokamuliwa. Hakuna mgeni wa St. Petersburg ambaye angetoa fedha yake kwa kitu kile. Kila kitu kinategemea siku mbili au tatu zinazofuata, na ndiyo maana siku hizo ni za hatari. Kosa katika safu ya kumi hufumuliwa na kusahihishwa kwa saa moja. Kosa katika hatua ya mwisho huweza kupoteza kazi ya majira yote ya baridi, na pamoja nayo kuni na viatu.

Hatari ya kwanza iko katika kufunga vitanzi. Mfumaji aliyechoka hukaza mkono. Ukingo uliofungwa kwa kukazwa hautanyooka kamwe. Katikati ya shali patapanuka, ukingo utakataa, na lesi itavimba katikati kama mkate uliofungwa katika kitambaa kidogo. Ndiyo sababu mabingwa hubadilisha sindano na kuchukua nene zaidi kwa safu hiyo moja, au hufunga kwa kufuma vitanzi viwili pamoja na kuvirudisha, ili ukingo uwe na uhuru.

Wanawake wa Haapsalu walikuwa na njia yao. Hawakufuma katikati na ukingo kwa pamoja. Sehemu ya katikati hufumwa peke yake, na ukingo wenye meno meno hufumwa kando, katika vipande viwili, huku safu ya kwanza kabisa ikianzwa kwa uzi uliokunjwa mara mbili ili upande wa nje uwe na nguvu. Kisha ukingo hushonwa kwa mkono kuzunguka katikati. Yapo mambo mawili ya kuangalia hapo. Ukingo una vitanzi vingi kuliko pande za katikati, kwa hiyo haiwezekani kuanza kushona tu na kutumaini kwamba vitakutana. Hugawanywa kwanza kwa nyuzi za rangi, nusu, robo, na nusu ya robo, na kila alama hufungwa mahali pake. Pembeni, yaani katika kona nne, hukusanywa vitanzi vingi zaidi, kwa kuwa ukingo unapogeuka huhitaji nafasi. Mshonaji asiyefanya hivyo atapata kona zilizokunjamana, na hakuna maji wala misumari itakayoziponya. Jambo la pili ni mkono wenyewe. Mshono huu hupita juu juu, ukikamata kitanzi cha upande huu na kitanzi cha upande ule, nao hulegezwa kiasi ambacho mshonaji wa nguo za kawaida angeona ni uzembe. Hapa ulegevu ndio ustadi.

Mikia ya uzi, ile inayobaki pale mpira mmoja ulipoisha na mwingine ukaanza, hupitishwa kwa sindano ndani ya mshono au kando ya mstari imara wa mtindo. Haikatwi bado. Huachwa ikining'inia urefu wa kidole, kwa sababu shali itakapovutwa mikia nayo itavutwa, na ule uliokatwa mapema utachomoka na kufungua njia. Vijana wengi hawawezi kuvumilia kuiona mikia hiyo. Hukata, na siku ya pili hutafuta tundu limetoka wapi.

Halafu yanakuja maji. Sufu ni unywele wa kondoo, na tabia yake katika maji ndiyo siri ya shali yote. Unywele mkavu hurudi katika umbo lake ukivutwa. Ukilowa kabisa huwa laini na hukubali kuvutwa, na ukikaushwa ukiwa umevutwa hubaki hivyo hadi utakapolowa tena. Lakini unywele huo huo una magamba madogo sana, na maji ya moto yakikutana na sabuni na msuguano, magamba hayo hukamatana na hayaachani tena. Shali hugeuka kuwa kipande cha blanketi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo maji huwa ya vuguvugu la mkono, sabuni laini na kidogo, na shali hulazwa humo bila kusuguliwa wala kukamuliwa. Huachwa inywe. Maji ya kusuuza huwa na joto lile lile, kwa maana sufu huumizwa na mabadiliko ya ghafla. Shali yenye shanga huhitaji jambo moja la nyongeza: shanga chache za aina ile ile hulowekwa katika maji ya sabuni kwa usiku mmoja kabla hazijaingia katika kazi. Zipo shanga zilizopakwa rangi juu tu au zilizotiwa fedha ndani, nazo huchuja. Ni afadhali zichuje katika kikombe kuliko katika shali nyeupe.

Shali haitolewi majini kwa kushikwa pembe moja. Uzito wa maji na wa shanga ukining'inia katika uzi mmoja hutosha kuukata. Huinuliwa yote kwa viganja, kama mtoto anavyotolewa katika beseni, ikalazwa juu ya taulo, ikaviringishwa na kukandamizwa.

Baada ya hapo huja fremu. Katika nyumba za wafumaji wa Haapsalu kilikuwa chombo cha kawaida: mbao nne ndefu zilizounganishwa, zenye misumari midogo mfululizo, isiyoshika kutu, kwa kuwa doa la kutu katika sufu nyeupe halitoki. Kila jino la ukingo hushikwa katika msumari wake. Huanza katikati ya kila upande, si kwenye kona, kisha huenda kulia na kushoto kwa zamu, ili mvuto ugawanyike. Yule anayeanzia kona hufika upande wa pili akiwa na meno saba na misumari minne. Mahali pasipo na fremu hutumika godoro au zulia lililotandikwa shuka safi, na pini nyingi. Pini hupita katika tundu la lesi, kamwe si karibu na shanga kiasi cha kuibana, kwa kuwa kioo kikibanwa na chuma hupasuka.

Ni wakati huu ambapo shali huonekana kwa mara ya kwanza. Kile kitambaa kilichosinyaa hupanuka kwa robo, pengine kwa theluthi. Matundu hufunguka, majani hupata ncha, na vinundu hutokeza juu. Shanga husimama wima katika mistari yake, kila moja mahali ilipokusudiwa wiki nyingi nyuma. Mfumaji mwenyewe alikuwa hajaiona. Alifuma kwa kuhesabu na kwa kuamini hesabu. Makosa pia huonekana sasa, na kuna utamaduni wa busara kuhusu hayo: lililo karibu na ukingo hurekebishwa kwa sindano na uzi shali ikiwa ingali juu ya fremu, lililo katikati ya maua elfu huachwa.

Yapasa kusemwa jambo moja kuhusu nyuzi zinazouzwa katika maduka ya hapa, kwa kuwa akina mama wataulizana wakifika nyumbani. Nyingi ni za akriliki. Uzi huo haubadilishwi na maji peke yake. Ukilowekwa na kunyooshwa hurudi ulivyokuwa. Hutii mvuke wa pasi iliyoinuliwa juu yake bila kugusa, na hutii mara moja tu: joto likizidi, uzi huo hulegea na kufa, hauna tena nguvu ya kurudi. Pamba ya kroshia hukaa vizuri kwa wanga, kama wajuavyo wote wanaotandika vitambaa vya makochi. Shali ya sufu haitiwi wanga. Ubora wake ni kuwa laini.

Kazi hii ya mwisho haikuhesabiwa sana. Mnunuzi aliuliza shali ilichukua siku ngapi kufumwa, na mfumaji mwenyewe alijibu siku za sindano, hakuzitaja siku za maji na misumari. Vitabu vya kumbukumbu navyo vina tabia hiyo: tarehe ya jiwe la msingi huandikwa, na siku kilipowekwa kioo cha mwisho katika dirisha la kanisa haijulikani. Mahali pengine watu waliona tofauti. Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskochi, ambako nako hufumwa lesi nyembamba ya sufu, kulikuwa na wanawake ambao kazi yao yote ilikuwa kuosha, kutengeneza na kunyoosha shali zilizofumwa na wengine, nao walilipwa kwa hiyo. Mfumaji alijua kwamba shali yake ilipata bei kwa sababu ya mikono miwili zaidi.

Wafumaji wa Haapsalu walipita katika mambo mazito. Estonia ilijitangazia uhuru mwaka 1918, ikaupoteza mwaka 1940 ilipotwaliwa na Umoja wa Kisovieti, ikaurudisha mwaka 1991. Wageni wa St. Petersburg walikuwa wametoweka tangu zamani, na uuzaji ulibadilika mara nyingi. Sindano hazikusimama. Mtindo ulipita kutoka kwa mama hadi kwa binti kwa njia ya kipande cha mfano kilichofumwa, kwa kuwa wengi wao hawakuhitaji maandishi. Waliusoma uzi wenyewe.

Kukauka huchukua usiku mmoja, au zaidi hewa ikiwa nzito. Haifai kuharakisha kwa jua kali wala kwa jiko, na kwa sufu nyeupe jua huleta umanjano. Shanga hukauka baada ya uzi, kwa maana maji hukaa ndani ya tundu, kwa hiyo mfumaji hugusa ukingo na sio katikati anapotaka kujua kama saa imefika. Akiitoa mapema, ukingo utajikunja tena. Misumari huachiwa kwa utaratibu ule ule ilivyoshikwa, kuanzia katikati ya kila upande. Ndipo mkasi huingia kazini, na mikia ya uzi iliyosubiri hukatwa moja baada ya nyingine, karibu na kitambaa.

Kipimo cha mwisho cha shali ya Haapsalu kinajulikana na kila mtu katika mji huo. Mama huvua pete yake ya ndoa, huchukua pembe moja ya shali, huipitisha ndani ya pete, na kuvuta taratibu. Ile ya vinundu vya sufu hupita yote. Yenye shanga huvutwa kwa uangalifu zaidi, safu kwa safu, na mara nyingine husimama kidogo ukingo unapofika, hadi shanga zigeuke na kupita mojamoja.